Bwawa la Samaki Litakalokungoja

Anayetaka kuchimba etangi ya samaki Masisi au Walikale kwa kawaida huanza kwa kuuliza chakula cha samaki atakipata wapi. Swali hilo linaweza kungoja. Yanayotangulia ni mawili: maji yako ni baridi kiasi gani, na bwawa lako litafanya nini siku utakapolazimika kuliacha. Mabwawa yaliyokufa huku si haba, na yaliyouawa na ukosefu wa chakula ni machache. Ya mlimani hupozwa na maji ya kijito yanayopitishwa ndani mchana na usiku, samaki wakabaki na ukubwa wa kidole mwaka mzima. Ya bondeni hubomoka tuta wenyewe wakiwa wamekimbia, kwa kuwa hakuna wa kuondoa majani yaliyoziba njia ya maji.

Kwamba kazi hii ina faida hakuhitaji mahubiri. Ziwa Kivu lenyewe lina aina chache za samaki. Hata sambaza tunaowala waliletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959. Tilapia ya Vitshumbi hutoka Ziwa Edward, na mpaka ifike Nyabiondo imeshalipia kila kizuizi cha njiani. Walikale ni mbali zaidi. Kwa miaka mingi ndege zilikuwa zinatua juu ya barabara yenyewe pale Kilambo, na kila kilo iliyoshuka ilibeba bei ya safari yake. Mama anayepika sombe tupu siku tano mfululizo anajua bwaki inavyoanza kwa watoto.

Wabelgiji walilitambua hilo mapema. Walianzisha kituo cha utafiti wa samaki Kipopo, karibu na Élisabethville, na mwishoni mwa miaka ya 1950 Kongo nzima ilikuwa na mabwawa zaidi ya 100,000. Baada ya uhuru mengi yaligeuka vichaka. Sababu mojawapo ni kwamba mengi yalichimbwa kwa amri, na kitu cha amri hakina mwenyewe amri ikiondoka. Ndiyo maana nina mashaka kila mradi unapokuja na orodha ya vijiji na mabwawa ya chama cha watu arobaini. Chimbeni pamoja kwa salongo, leo kwangu kesho kwako, lakini kila bwawa liwe na jina la nyumba moja.

Sasa turudi kwenye baridi. Tilapia tunayofuga, ile ya Nile, hukua vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi 25 na 30. Yakishuka chini ya 20 huacha kuzaa na hula kidogo. Yakikaribia 16 karibu inaacha kula kabisa. Walikale-centre iko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, joto lake ni la msituni, na hapo samaki hawa wako kwao. Masisi ni habari nyingine. Ziwa Kivu lenyewe liko mita 1,460, na kutoka Sake kwenda Masisi unapanda tu. Vilima vya malisho vinapita mita 2,000. Wenzetu wa Rwanda, wenye vilima kama vyetu, wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi katika kituo cha Rwasave, karibu na Butare, na walichokiona kinaeleweka: kadiri unavyopanda ndivyo samaki wanavyochelewa kukua na kuzaa.

Kwa hiyo kabla ya kununua jembe, nunua au azima kipimajoto. Chimba kishimo kidogo pale unapotaka bwawa, kijaze maji, uyaache yatulie siku chache. Kisha pima kwenye kina cha goti, saa kumi na mbili asubuhi na tena saa tisa alasiri, kwa wiki nzima. Ukipata asubuhi 18 au 19 na alasiri 23 au 24, endelea, ila ujue utavuna baada ya miezi tisa au kumi badala ya sita. Ukipata asubuhi 15, nakushauri uache tilapia na ufuge sungura. Kuna watu watakaokwambia jitihada hushinda kila kitu. Haishindi kipimajoto.

Baridi ya Masisi, hata hivyo, mara nyingi tunaileta wenyewe. Mtu akiona kijito kinatiririka karibu na shamba, hufurahi na kukipitisha chote ndani ya bwawa: maji yanaingia huku, yanatoka kule, safi kabisa, unaona mawe ya chini. Bwawa la namna hiyo ni kijito kilichopanuliwa tu. Jua halina muda wa kuyapasha maji, na mbolea uliyotia leo kesho iko kwa jirani wa chini. Maji ya bwawa yanapaswa kusimama. Ruhusu tu kiasi cha kufidia yanayonyonywa na ardhi na kukaushwa na jua, nayo si mengi: mfereji wa unene wa dole gumba unaweza kutosha ari mbili. Yafungulie kuanzia saa tano mchana, wakati kijito nacho kimepata jua kidogo, uyafunge kabla ya magharibi. Bora zaidi, chimba kwanza kidimbwi kifupi cha kina cha shubiri moja kabla ya bwawa, maji yapite humo yakiota jua na kuacha matope yake. Kata miti inayotia kivuli upande wa mashariki. Na usichimbe kwenye kitako kabisa cha bonde, ambako baridi ya usiku hushuka na kulala. Panda ubavuni kidogo, penye mteremko mwepesi.

Walikale shida imegeuka. Joto lipo, mvua ipo karibu mwaka mzima, lakini maji ya msituni mengi yana rangi ya chai na yana uchachu. Dalili yake ni rahisi: unatia samadi wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, na maji hayageuki kijani. Mbolea haifanyi kazi katika maji machachu. Dawa ni chokaa ya kilimo, kilo 10 hadi 20 kwa kila ari, iliyonyunyizwa kwenye sakafu ya bwawa na kwenye kingo kabla ya kujaza maji, ikaachwa wiki mbili. Chokaa ikikosekana, na mara nyingi inakosekana kati ya Kashebere na Musenge, tumia majivu ya kuni. Nguvu yake ni ndogo, kwa hiyo yawe mengi, na utarudia kila unapokausha bwawa. Na ufyeke: bwawa lililo chini ya kivuli cha miti ya msitu litakupa vyura.

Udongo unapimwa kwa mikono. Chukua donge la udongo wa chini, si ule mweusi wa juu, ulilowanishe, ulifinyange liwe mpira, ulirushe juu ulidake. Likisambaratika, mchanga ni mwingi. Likibaki zima, chimba shimo la kina cha kiuno, lijaze maji jioni. Asubuhi yatakuwa yamepungua, hilo ni la kawaida kwa sababu ardhi imekunywa. Jaza tena ulifunike kwa majani. Kesho yake kama maji mengi bado yamo, mahali pako panafaa. Kuwa mwangalifu ukiwa upande wa Sake na kuelekea Virunga: lava ya Nyamulagira, ambayo mlipuko wake wa 1938 uliifikisha hadi ziwani karibu na Sake, haishiki maji hata ukiiombea. Katikati ya Masisi na Walikale udongo wa mfinyanzi si adimu.

Halafu kuna mwenye ardhi. Wanyanga, ambao katika utenzi wao wa Mwindo kilindi cha maji kina bwana wake, nyoka aitwaye Mukiti, hawatashangaa nikisema kwamba kila bonde la maji lina mwenyewe hata kama hakuna aliyewahi kulilima. Bonde ambalo halikuwa na thamani hugombaniwa siku samaki wa kwanza wanapotoka. Nenda kwa kapita na kwa wazee wa ukoo kabla ya jembe, ukapatane pia na wanaochota maji chini yako, maana wao ndio watakaolalamika kwanza. Andikeni karatasi: mipaka, njia ya mfereji, haki ya kupitisha maji, miaka mingapi, majina ya mashahidi kutoka pande zote. Mfanye nakala mbili, moja ikae mbali na kijiji, kwa jamaa wa mjini. Nyumba zikiungua karatasi nazo huungua, na Masisi ugomvi wa ardhi umeshachoma nyumba nyingi.

Usizibe kijito chenyewe. Hili nalirudia kwa kila mtu kwa sababu linavutia: bonde jembamba, tuta moja katikati, na bwawa limejaa bila kuchimba. Mvua kubwa moja itaondoka nalo, pamoja na mashamba ya walio chini. Tarehe 4 Mei 2023, huko Kalehe, jirani zetu wa kusini, vijito vilivyoonekana vya kawaida vilishuka na mawe na kuua watu zaidi ya 400 Bushushu na Nyamukubi. Bwawa likae pembeni ya kijito, maji yaje kwa mfereji unaoweza kuufunga kwa donge la udongo na mawe mawili.

Ukubwa? Ari mbili, yaani mita 10 kwa 20, zinatosha nyumba moja kuanza. Ukiwa na nguvu za ari nne, chimba mabwawa mawili ya ari mbilimbili. Moja likipasuka au likiibiwa, jingine lina mbegu. Kina kiwe sentimita 70 upande wa kuingilia maji na mita 1.2 upande wa kutokea, sakafu ikiinama kuelekea huko. Masisi usipunguze kina hiki: maji machache hupashwa haraka mchana na hupoa haraka zaidi usiku. Fanya kazi ya kuchimba kati ya Juni na Agosti, mvua ikiwa imepungua.

Tuta ndilo bwawa. Ondoa kwanza majani, mizizi na udongo mweusi wote mahali tuta litakaposimama, uuweke kando kwa ajili ya bustani. Chimba mtaro katikati ya msingi wa tuta mpaka ufikie mfinyanzi, uujaze kwa mfinyanzi safi ulioshindiliwa. Huo ndio unaozuia maji kupenya chini kwa chini. Kisha panda kwa tabaka za shubiri moja, kila tabaka ishindiliwe kwa kigogo kizito kabla ya kuongeza nyingine. Watu huchoka hapa, hutupia udongo wote kwa mara moja na kuukanyaga juu tu, na tuta kama hilo linazama mvua ya kwanza. Upande wa ndani ulale: kila mita moja kwenda juu, mita mbili kwenda ndani. Juu kuwe na upana wa mita moja angalau, mtu na ndoo wapite bila kubomoa kingo, na tuta lizidi usawa wa maji kwa sentimita 30. Panda majani mafupi yanayotambaa. Mgomba na mti wowote vikae chini, nje kabisa, kwa kuwa mizizi hufungua njia ya maji, na mzizi ukioza hubaki bomba.

Sasa njia za kutoa maji, na hapa ndipo nakuomba ufikirie siku ya kukimbia. Bwawa lililoachwa hufa mara nyingi kwa namna moja: njia ya juu ya maji inazibwa na majani, maji yanapanda, yanapita juu ya tuta, na baada ya saa chache tuta limekatika. Weka njia mbili za juu badala ya moja, kila moja ikiwa bomba la plastiki la sentimita 10 au mwanzi mnene uliotobolewa vifundo, na wavu mdomoni. Kisha, mbali na tuta, kwenye ardhi ambayo haijachimbwa, chonga mfereji mpana wa dharura, chini kidogo ya kimo cha tuta, uutandike mawe. Siku mabomba yote mawili yakiziba maji yatapita hapo bila kuharibu kitu. Utapoteza samaki kadhaa, bwawa litabaki.

Bomba la chini, la kukaushia, lina ubishi. Mabwawa ya mradi huwa na kiwiko cha plastiki kwa nje: unakilaza, maji yanatoka. Ni kizuri, na mwizi anakipenda kuliko wewe. Usiku mmoja, kikapu kimoja mdomoni mwa bomba, kazi imekwisha. Mahali ambapo watu wenye silaha hupita, kizibo kiwe ndani, chini ya maji, mti uliochongwa ukafungwa kwa mfinyanzi na kitambaa. Ukitaka kuvuna utaingia mwenyewe kukitoa. Usiku, mtu asiyelijua bwawa atapata taabu.

Bwawa likishajaa, kabla ya samaki, tengeneza chakula. Kwenye pembe moja au mbili zungushia vijiti, nafasi ya moja ya kumi ya bwawa zima, ujaze humo majani mabichi, samadi ya ng'ombe, mabaki ya jikoni, majivu kidogo. Masisi ng'ombe wako kila kilima, samadi haitakosekana. Kilo 10 hadi 15 kwa ari kila wiki zinatosha. Walikale ng'ombe ni wachache, basi tumia ya mbuzi na kuku, na majani mengi zaidi. Koroga kila baada ya siku mbili tatu. Baada ya wiki mbili maji yanageuka kijani, na kijani hicho ndicho samaki watakula bila kukuomba. Pima kwa mkono: uzamishe wima, kiganja kimefunguka. Kiganja kikipotea maji yakifika kiwikoni, umepatia. Ukiendelea kukiona mpaka begani, ongeza mbolea. Kikipotea kwenye kifundo cha mkono, simamisha mbolea mara moja, kwa sababu maji mazito hivyo humaliza pumzi usiku. Samaki wakionekana alfajiri wamekusanyika juu wanahema mdomo wazi, fungua maji mapya na usitie kitu kwa wiki.

Hapo ndipo alevini, yaani samaki wachanga wa kupandikiza, waingie, na hapo ndipo watu hudanganywa. Tilapia huanza kuzaa ikiwa na gramu 30 tu, na katika bwawa lililojaa kupita kiasi hudumaa: ina mwaka mzima, ina ukubwa wa kidole, ina mayai mdomoni. Muuzaji anakuuzia kikongwe kama kifaranga. Tazama kichwa. Kikiwa kikubwa kuliko mwili wake, macho makubwa, mgongo mkavu, mkatae. Alevini mzuri ni mnene nyuma ya kichwa na hana mayai. Nunua kwa mtu aliyekausha bwawa lake hivi karibuni, ukaone vilevile wazazi wao walikuwa wakubwa kiasi gani. Mwenye subira aweza kufuga madume peke yao, maana hukua haraka kuliko majike na hawatajaza bwawa kwa watoto. Samaki wakifika gramu 30 hivi, wageuze tumbo juu: karibu na mkia dume lina kijitundu cha mkojo na mbegu pamoja, baada ya tundu la haja kubwa, yaani mawili jumla, jike lina matatu. Ukipaka tone la wino au maji ya mkaa yanaonekana vizuri. Ni kazi ya kuchosha macho na wengine utawakosea, haidhuru. Njia nyingine ni kuongeza kambale wachache, wadogo kuliko tilapia wako, miezi miwili baadaye. Watakula watoto wanaozaliwa. Kambale hawazai wenyewe bwawani kwa urahisi, kwa hiyo utawanunua kila mara.

Idadi: Walikale wawili kwa kila mita ya mraba, yaani 400 katika ari mbili. Masisi mmoja kwa mita. Tamaa ya kuwajaza inalipwa kwa samaki wadogo.

Safari ya alevini ndiyo inayoua wengi kuliko fisi maji. Wasipewe chakula siku moja kabla ya kusafiri, ili wasichafue maji. Tumia bidoni lililokatwa mdomo mpana, ambalo halijawahi kubeba mafuta wala dawa, nusu maji, nusu hewa. Ondoka alfajiri. Kwenye pikipiki maji yanatikisika yenyewe na kupata hewa, ila ikisimama ulitikise bidoni kwa mkono. Badilisha nusu ya maji njiani kwenye kijito safi. Usitumie maji ya mto ulioona watu wanaosha madini. Ukifika, liache bidoni lielee bwawani dakika ishirini, kisha uingize maji ya bwawa kidogo kidogo kabla ya kuwaachia waogelee wenyewe. Kuwamwaga ghafla kutoka maji ya moto ya barabarani kuingia maji ya mlima ni kuwaua.

Suala la madini linahitaji neno zaidi. Chini ya machimbo ya Rubaya na katika vijito vingi vya Walikale maji hushuka mekundu siku za kazi. Tope hilo huziba mashavu ya samaki, huzuia jua lisiingie, na hujaza bwawa lenyewe. Kidimbwi cha kutulia kinasaidia tope kidogo tu. Kama juu yako kuna shimo la koltani au dhahabu, tafuta chemchemi, hata kama ni ndogo, au uchimbe mahali pengine. Kumwomba mchimbaji aache kuosha si mpango wa kilimo.

Kwa wezi wa usiku, simika vijiti vyenye matawi ndani ya maji, hapa na pale, ncha zikiwa chini ya uso wa maji. Wavu ukivutwa unanasa. Fisi maji huja kutoka mtoni kwa njia ileile kila siku. Ziba njia hiyo kwa miiba. Ndege wanaokula samaki hupata tabu penye maji ya kijani, hawaoni. Kingo ziwe safi, bila majani yanayoning'inia majini, kwa sababu humo ndimo mbu na konokono wa kichocho wanakaa. Na zungushia uzio upande unaoelekea nyumbani kama una watoto wadogo. Hilo lisisubiri mavuno.

Chakula cha ziada ni chochote cha nyumbani: majani laini ya magimbi, ya viazi vitamu na ya mpapai, mchwa, pumba za mpunga, mashudu ya mawese huko Walikale, masalio ya pombe ya kasiksi. Majani ya muhogo yanyaushwe juani kwanza, sumu yake ipungue. Lisha mahali pamoja, saa ileile, jua likiwa juu. Masisi asubuhi samaki bado wamepoa na chakula kitaoza. Wakiacha kula, acha kutia.

Masisi-centre ilishikwa na waasi wa M23 Januari 2025, Walikale-centre Machi mwaka huohuo, na kabla ya hapo na baada yake vijiji vingi vimekimbia zaidi ya mara moja. Mtu mwenye bwawa akipata saa moja tu kabla ya kuondoka, nitamwambia afanye hivi. Masisi, wakati wa kiangazi, aache maji ya unene wa kidole yaingie, vinginevyo bwawa litakauka. Wakati wa mvua, na Walikale wakati wowote, afunge mfereji kabisa kwenye kijito. Asafishe wavu wa njia za juu, au auondoe kabisa kama anadhani atakaa muda mrefu: afadhali kupoteza wadogo kuliko tuta. Ajaze ile pembe ya mboji mpaka juu kwa majani na samadi, itaendelea kuachia mbolea kwa wiki nyingi. Basi. Tilapia katika maji ya kijani wanaweza kukaa miezi bila mkono wa mtu. Hawatanenepa, watazaana kupita kiasi, na ukirudi utakuta bwawa limejaa vidagaa. Lakini utakuwa na cha kula siku ya kwanza.

Ukirudi, tembea juu ya tuta kabla ya kuingia majini, ukitazama nyufa na mashimo ya kaa na panya, na uwe mwangalifu na kitu chochote cha chuma usichokijua, ndani au nje ya maji. Kiache, uwaite wanaohusika. Kisha kausha bwawa lote. Kula au kausha kwa moshi hao waliodumaa wote, hata kama moyo unauma, acha sakafu ipasuke kwa jua, tia chokaa au majivu, uanze upya na alevini wa mtu mwingine.

Alevini hao watoke wapi, wakati kila mtu amekimbia? Hilo lipangwe wakati wa amani. Kila mavuno, chagua samaki ishirini au thelathini, wakubwa kuliko wote, majike matatu kwa dume moja, uwagawe kwa mabwawa matatu ya watu wanaokaa sehemu tofauti: mmoja juu, mmoja chini, mmoja ng'ambo ya mto. Usidai bei. Mkubaliane tu kwamba aliyebaki na samaki atamrudishia aliyepoteza alevini mia mbili, na yeye atafanya vivyo hivyo kwa mwingine. Andikeni kwenye daftari la AVEC, chama chenu cha akiba na mikopo, kwa kuwa tayari mnakutana kila wiki na mnaaminiana kwa pesa.

Na usingoje mavuno makubwa. Kuanzia mwezi wa tano Walikale, wa saba Masisi, toa samaki kwa ndoana au wavu mdogo kila Jumamosi, wa nyumbani kwanza, kisha wa kuuza wawili watatu. Samaki aliyeliwa hakuna anayeweza kumwiba. Siku ya kukausha bwawa lote ije na mtu wa chumvi na mtu wa kuni tayari, maana kilo 30 za samaki Walikale hazilali usiku mmoja bila moshi.